Mvua Niliyoitunga

Machi 2. Milimita 0.0

Daftari la kazi lina safu tatu: tarehe, milimita, maelezo. Safu ya maelezo ina upana wa kidole gumba, na kwa miaka ishirini na sita nimeandika humo maneno yale yale kwa zamu: radi, upepo, ukungu, hakuna. Leo nimefungua daftari la pili, hili hapa, kwa kuwa mambo ya masika haya hayaenei kwenye kidole gumba.

Mimi ni msomaji wa kipimo cha mvua. Kipimo chenyewe ni mtungi wa bati uliosimikwa uani kwangu, ndani ya uzio wa waya ili kuku wasifanye mambo yao. Kila siku saa tatu asubuhi natoa maji, nayamimina kwenye gilasi yenye mistari, nasoma, naandika, namwaga. Sikusomea. Shule niliiacha darasa la sita, mengine nimeyaokota kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Watu wananiita Bwana Mvua, na isiponyesha wananiangalia kana kwamba nimeificha.

Leo asubuhi watu wanne wenye vizibao vya kung'aa wamepigilia vigingi kwenye shamba la dada yangu kule bondeni. Kila kigingi kina utepe mwekundu. Kampuni inapanga kujenga karakana, maghala ya baridi na ofisi za kukodisha, vyote vikiendeshwa kwa umeme wa jua na upepo. Paneli zitatandazwa kwenye mteremko, mitambo mitatu ya upepo itasimama mgongoni mwa kilima, na majengo pamoja na nyumba ya betri yatakaa kwa Dada, kwa sababu ndiko kuliko tambarare na barabara iko karibu.

Machi 3. 0.0

Joto.

Machi 6. 0.0

Mratibu wa kampuni amekuja kuongea na Dada. Ni kijana mnene mwenye sauti laini, na kila sentensi yake ina fursa, wakati mwingine mbili. Nimeshampa jina: Bwana Fursa. Anasema pale patakuwa bustani ya biashara.

"Bustani," akasema Dada. "Na nani atapalilia?"

"Hii haipaliliwi, bibi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi tumeelewana."

Akabonyeza dole gumba kwenye karatasi ya makubaliano ya awali. Kodi ya shamba itaanza ramani ya mwisho ikishapitishwa mwezi wa tano, na mpaka wakati huo asipande chochote ndani ya vigingi. Mimi ningeambiwa niache msimu mzima upite bila mbegu ningekuwa na maswali. Dada aliingia ndani, akatoka na jembe, akampelekea mke wa jirani yetu mfugaji. "Lichukue," akamwambia. "Mimi nimestaafu."

Ana miaka sitini na minane, mjane, na magoti yake yanalia kama bawaba za mlango. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka tisa. Aliyenilea ni huyu, kwa jembe lile lile.

Machi 11. 0.0

Injinia wa mradi amekuja kwangu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, si mwongeaji, buti zake zina tope la rangi tatu. Anataka kumbukumbu za mvua ili ajue majengo yakae wapi na mitaro iwe mikubwa kiasi gani. Ameambiwa kituo cha karibu ni changu, na kwamba nakala zilizotumwa makao makuu ya hali ya hewa zimeshasomwa na mchwa.

Nikamtolea madaftari. Akafungua moja, akafungua la pili.

"Mzee, haya umeandika mwenyewe? Kila siku?"

"Kila siku."

"Miaka ishirini na sita?"

"Na Jumapili."

"Umekaa juu ya hazina hujui," akasema, akaanza kupiga picha kurasa kwa simu, moja moja, taratibu, kama mtu anayepiga picha ya harusi. Hakuna aliyewahi kuyasoma madaftari yale. Nilisimama nyuma yake nimejaa kifua. Alipofika kwenye kurasa za miaka kumi na moja iliyopita, chai ilinipalia.

Machi 12. 0.0

Nitaandika jambo hili mara moja tu.

Miaka kumi na moja iliyopita, masika yakianza, mke wangu aliondoka. Nilimfuata mji wa kwao, safari ya siku mbili, nikakaa huko nikimbembeleza kwanza yeye, kisha kaka zake, kisha mlango uliofungwa. Siku arobaini na moja. Kabla ya kwenda nilimkabidhi Dada kipimo. Nilimwonyesha: saa tatu, toa, mimina kwenye gilasi, hesabu mistari, mwaga. Akaitikia kwa kichwa.

Niliporudi, peke yangu, nilikuta gilasi imefungwa kwenye kitambaa kama nilivyoiacha. Hata fundo lilikuwa langu. Nikaelewa kwamba hakupima. Sikumgombeza, na nilijiona muungwana sana kwa kutomgombeza. Nikakaa mezani, nikachukua namba za mwaka uliotangulia, hapa nikaongeza nukta mbili, pale nikapunguza tatu, na siku mbili nikaandika radi ili inoge. Mvua ya siku arobaini na moja ilitoka kichwani mwangu kabla birika la chai halijapoa.

Tatizo ni kwamba masika yale ndipo maji yalipopanda bondeni. Mimi sikuyaona. Nilikuta tope limekauka kwenye vigogo na watu wamechoka kuhadithia. Kwenye daftari langu ni masika ya kawaida kabisa; siku kubwa kuliko zote ina milimita arobaini na mbili.

Sasa namba hizo ziko kwenye simu ya Injinia. Nikisema ukweli, vigingi vitang'olewa shambani kwa Dada, na Dada atarudi kwenye jembe. Nisiposema, watajenga.

Machi 13. 0.0

Mawingu. Hakuna.

Machi 19. 0.0

Mkutano wa mradi, darasani shuleni. Watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu, na katika hali hiyo ni vigumu kumpinga mtu aliyesimama.

Bwana Fursa alimaliza fursa zake. Mfugaji akainuka. Ni mtu mrefu, mkavu, ardhi yake ni ile ya mawe juu ya bonde, na katika maisha yake hajawahi kutia chumvi hata kwenye uji.

"Mimi nina la maji," akasema. "Hapo mnapotaka kuweka hiyo nyumba ya betri, masika ya mwaka ule maji yalifika tumboni mwa ng'ombe. Ng'ombe wangu. Akiwa amesimama."

Injinia alimjibu kwa heshima, hilo nalikiri. Alisema amelifuatilia, na kwamba tuna bahati kubwa hapa kuna kumbukumbu ya kila siku. Akasoma masika yale yote kwa sauti, namba zangu, moja baada ya nyingine. "Siku iliyozidi zote ni arobaini na mbili. Kwa mvua hiyo, mzee wangu, maji hayawezi kupita kifundo cha mguu. Kumbukumbu za mtu hukua kadiri miaka inavyokwenda. Si kosa lako."

"Kwa hiyo ng'ombe wangu alikuwa mfupi."

Watu wakacheka. Mfugaji akageuka awaangalie. Mle ndani tulikuwa kama sabini, na ukiniondoa mimi na watu wa kampuni, wote waliyaona yale maji kwa macho yao. Wote wakaanza kukagua viatu vyao. Wanataka kazi, na mimi si wa kuwalaumu.

Akaniangalia mimi. "Jirani, daftari ni lako. Sema basi."

"Kilichoandikwa kimeandikwa," nikasema.

Akakaa. Dada alikuwa dawati la mbele. Aligeuka akanitazama kwa muda mrefu. Nilichukulia kwamba ananishukuru.

Machi 24. 0.6

Mvua ya kwanza. Imetosha kulowesha mgongo wa kuku mmoja. Njiani vijana wanamwita mfugaji Tumbo la Ng'ombe.

Aprili 2. 1.2

Nimepata mpango. Mpango ni kunyamaza na kungoja. Yakinyesha masika ya kweli, maji yatapanda yenyewe, Injinia atayaona kwa macho yake, vigingi vitahama, na hakuna atakayeuliza habari za daftari. Mvua itanisemea.

Aprili 3. 0.0

Aprili 4. 0.0

Aprili 5. 4.6

Mvua ya kufuta vumbi.

Aprili 6. 0.0

Nimetoka uani mara nne kuangalia mawingu. Ya nne nilimkuta jirani akiniangalia mimi.

Aprili 10. 2.2

Dada ameweka kiti mlangoni na miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi. Kila anayepita anasalimia, naye anajibu kama mtu aliyeko ofisini.

"Leo una nafuu, Dada."

"Nakusanya miaka thelathini ya kukaa. Niliiweka akiba."

"Na kodi ikianza, utanunua nini?"

"Sinunui kitu. Nakaa tu." Akasogeza vidole vya miguu kwenye maji. "Wewe mtoto unajua mimi sijawahi kuiona saa nne ya asubuhi nikiwa nyumbani? Nilikuwa sijui jua linaingia mpaka hapa."

Akanionyesha kwa kidole mahali jua linapofika sakafuni. Nikaangalia kwa makini, maana nilikuwa sina pengine pa kuangalia.

Mashamba ya wengine yameota. Lake lina magugu na tepe nyekundu.

Aprili 17. 31.0

Usiku kucha imenyesha kama inayomaanisha. Nilipomaliza kupima nilishuka bondeni mbio, mtu wa miaka hamsini na saba, viatu mkononi. Nikakuta dimbwi la kufika kifundo cha mguu na chura mmoja ndani yake. Injinia alikuwepo, amechomeka fimbo ya kupimia.

"Unaona, mzee?" akasema. "Kifundo cha mguu, kama daftari lako lilivyosema. Na jioni yatakuwa yamekauka."

Yalikauka kabla ya jioni. Nimetumikia mvua miaka ishirini na sita, na siku moja tu niliyoiomba msaada ndiyo hii.

Aprili 18. 0.0

Aprili 26. 0.4

Mfugaji analisha ng'ombe wake kwenye magugu ya Dada, katikati ya vigingi. Nilipita karibu, akaniita.

"Nimekuja kuwapima," akasema. Akaweka kiganja kwenye tumbo la mmoja, kisha la mwingine. "Huyu anaishia hapa, huyu hapa. Nichagulie ng'ombe unayemwamini."

"Jirani, lile jambo..."

"Lipi?"

"La maji."

"Maji gani? Hakukuwa na maji, imeandikwa." Akapiga mluzi, ng'ombe wakamfuata. Hakuwa amekasirika. Angekasirika ningejisikia vizuri zaidi.

Mei 3. 0.0

Injinia amekuja kunionyesha ramani kabla ya kuipeleka mkutanoni tarehe ishirini. Aliitandaza mezani kwangu, akaibana kwa madaftari yangu manne, moja kila kona. Imechorwa vizuri. Paneli ni mistari ya bluu kwenye mteremko, mitambo ya upepo ni nyota tatu kilimani. Bondeni, nyumba ya betri, karakana sita, ghala la baridi. Pembeni kuna mraba mdogo wa njano.

"Na hii?"

"Chumba cha watoto. Wafanyakazi wengi watakuwa akina mama, hawana pa kuwaacha. Nimekiweka hapa chini kwenye mkondo wa zamani, kuna ubaridi. Sakafu nimeishusha kidogo ili wasipande ngazi." Akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue. "Ningeweza kuweka kokote, lakini kwa namba zako niko na amani."

Nilimwuliza kama atakunywa chai. Akasema ana haraka. Alipoikunja ramani niliona alama nne za vumbi juu yake, moja kila kona, pale madaftari yalipokuwa.

Mei 5. 0.0

Mraba wa njano.

Mei 6. 0.0

Masika yamekwisha. Jumla ni nusu ya kawaida. Mvua haitanisemea.

Mei 9. 0.0

Nimemwambia Dada.

Nilimkuta kitini, beseni limekauka pembeni. Nikakaa kwenye kizingiti, nikaanza kuzungukazunguka kwa habari za kuku, akanikatiza. "Umekuja kusema kitu. Kiseme, kisha tuongee habari za kuku."

Nikasema. Kwamba masika yale niliporudi niliona gilasi haikufunguliwa, kwamba sikutaka kumsumbua, kwamba niliandika namba kutoka kichwani, na kwamba ndizo namba alizozisoma Injinia mkutanoni. Nikasema na habari ya chumba cha watoto.

Alishika mlango, akainuka, magoti yakalia, akaelekea stoo. Nikamfuata. Akaniambia niondoe magunia mawili matupu yaliyoegemezwa ukutani. Nyuma yake palikuwa na mistari ya mkaa. Mirefu na mifupi, safu kwa safu, imenyooka kuliko maandishi yangu.

"Mrefu ni kikombe kizima," akasema. "Mfupi ni nusu. Mahali pa nukta haikunyesha."

"Kikombe gani?"

"Kikombe changu cha kupimia unga. Ulitaka nishike gilasi ile ya serikali? Ikivunjika nitawaambia nini? Niliiacha kama ulivyoifunga, nikaiweka juu kabatini. Maji nikapima kwa kikombe, kila siku saa tatu. Siku nyingine nilipita kwenye maji ya magoti kuja uani kwako."

Nilihesabu safu. Arobaini na moja. Katikati palikuwa na siku yenye mistari mirefu saba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulirudi huongei na mtu. Nikasema ataniuliza mwenyewe akipoa. Hukuuliza. Baadaye nikaona daftari limejaa, nikajua kazi yangu hukuitaka." Akapangusa ukuta kwa ncha ya kitenge, pale pasipo na mistari. "Ule mkutano, aliposema arobaini na mbili, nikajua umetunga. Siku ile mimi nilimwaga vikombe saba."

"Na hukusema."

"Mimi nilinyamaza kwa sababu nimechoka," akasema Dada. "Wewe ulinyamaza kwa sababu gani?"

Nilidhani namlinda yeye. Nikiangalia vizuri, naona kulikuwa na mtu mwingine mle ndani niliyekuwa namlinda, mwenye kifua kilichojaa wakati anapigiwa picha kurasa zake.

"Niache kwanza," akasema. "Nataka kukaa."

Mei 10. 0.0

Nimepita kwake. Yuko kitini. Ameitikia salamu.

Mei 11. 0.0

Yuko kitini. Jua lilikuwa limefika sakafuni pale pale.

Mei 12. 0.0

Mlango umefungwa.

Mei 13. 2.0

Asubuhi nimemwona Dada barabarani, anatoka kwa mfugaji, anatembea polepole. Mkononi ana jembe lake.

Mei 14. 0.0

Nilimpigia simu Injinia, nikamwambia aje na ramani, na asiniulize kwenye simu. Alifika saa tano. Dada alikuwa anatungoja stoo, amevaa nguo ya kutokea, kikombe cha unga mkononi.

Nilisema nikiwa nimesimama. "Namba za masika yale, siku zote arobaini na moja, nilizitunga. Sikuwepo. Zilizobaki ni za kweli, lakini huna sababu ya kuniamini."

Injinia aliniangalia, akaangalia buti zake. "Mzee," akasema taratibu, "mimi nilimwambia mtu mzima mbele ya watu wote kwamba kumbukumbu zake zimemdanganya."

"Najua."

"Na wewe ulikuwepo pale."

"Nilikuwepo."

"Mkimaliza kuangaliana," akasema Dada, "kipimo kiko huku."

Akamwonyesha ukuta. Akamweleza mrefu na mfupi, na mahali pa nukta, kwa ufupi, kama fundi anayekabidhi kazi. Nikaleta gilasi. Dada akachota maji mpaka ukingo wa kikombe, akakipitishia kidole juu kama anavyofanya kwenye unga, akanipa. Nikamimina. Gilasi ilijaa hadi mstari wa kumi, nikamwaga, nikamimina yaliyobaki: tisa nukta saba. Tukarudia mara tatu. Mkono wa Dada haukutofautiana hata nusu mstari.

"Kumi na tisa nukta saba," akasema Injinia. "Mara saba." Akahesabu kwenye simu, kisha kwa kidole hewani, kisha akakaa juu ya gunia. "Mia moja thelathini na saba na ushee. Kwa siku moja." Akamwangalia Dada. "Siku iliyofuata mitano. Iliyofuata sita na nusu. Tumbo la ng'ombe ni hesabu sahihi kabisa, mama. Pengine ng'ombe alikuwa mrefu."

Akatoa ramani, akaiweka gotini, akakaa anauangalia ule mraba wa njano.

Baadaye alimwuliza Dada: "Mama, unajua nikiandika hizi, majengo hayatakaa kwako? Hapa patabaki njia ya maji. Kodi hutaipata."

"Ningekuwa sijui ningeenda kuchukua jembe?"

"Pole, mama."

"Pole ya nini. Piga picha ukuta wako. Halafu uandike kwamba niliyepima ni mimi, si huyu."

Mei 15. 0.0

Nimekwenda kwa mfugaji. Alinisikiliza akiwa anakamua, hakugeuka. Nilipomaliza akasema, "Umenisemea mimi na ng'ombe tu. Ng'ombe alishajua. Kasemee darasani."

Mei 20. 0.0

Mkutano. Madawati yale yale. Nilisimama nikasema yote. Nilipofika kwenye maji, mfugaji akainua kidole kama mwanafunzi.

"Yalifika wapi?"

"Yalipanda juu sana."

"Wapi, jirani?"

"Tumboni mwa ng'ombe," nikasema.

"Akiwa?"

"Amesimama."

Safari hii hawakucheka. Fundi baiskeli wa pale njia panda akasema hata yeye aliyaona, yalifika dirishani kwake. Mwingine akasema yalichukua mlango wa choo chake. Ndani ya nusu saa kila mtu alikuwa ameyaona. Bwana Fursa akatangaza kwamba changamoto hii nayo ni fursa.

Injinia alitandaza ramani mpya. Majengo yamepanda kwenye mawe, kwa mfugaji. Itagharimu kusawazisha, na mwaka mzima utaongezeka. Chumba cha watoto kiko juu kabisa, karibu na nyota ya kwanza. Bondeni hakuna kitu, pameachwa peupe na mshale mmoja wa bluu unaoonyesha maji yanakopita.

Mei 29. 0.0

Mfugaji amepewa kofia ngumu ya njano. Anachunga nayo. Vijana wamepata shida, hawajui sasa wamwite nani. Makao makuu wameandika kwamba madaftari yangu yote yatakaguliwa upya, na mpaka hapo nisijiite kituo. Naendelea kusoma. Kuku hawajabadilisha tabia.

Juni 4. 3.8

Vinyunyu vya mwisho wa msimu. Dada amepanda kunde. Kwa mahindi amechelewa. Ardhi yake ni ile ile, imebaki mashimo ya vigingi kila hatua ishirini. Siku hizi nashuka naye. Mimi nalima mistari miwili, yeye mitano. Anasema mistari yangu inafanana na barua ya mtu aliyelewa.

"Magoti?" nikamwuliza.

"Yapo."

"Ungenyamaza, Dada, sasa hivi ungekuwa kitini."

"Ningekuwa kitini nasikiliza kila wingu." Akachomeka jembe, akaliegemea. "Lima. Na usiongee na mimi mpaka kwenye ule mti."

Juni 9. 0.0

Nimefungua daftari la kazi la miaka kumi na moja iliyopita. Sikufuta kitu. Kwenye safu ya maelezo, pembeni ya kila siku niliyoitunga, nimechora mistari ya Dada kama ilivyo ukutani, mirefu na mifupi, na nukta pale pasiponyesha. Siku ile ya mistari saba nimebana sana, lakini imeenea.

Juni 11. Nusu kikombe

Mgongo umegoma, sikuweza kuinuka. Saa tatu nilisikia mlango wa uzio, kisha bati, kisha kimya kirefu, kisha maji yanamwagwa. Dada akasimama dirishani.

"Nusu," akasema. "Gilasi yako iko kabatini, sijaigusa. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nionyeshe."

Nikamwinulia daftari. Akaangalia ule mstari mfupi kwa muda, akaitikia kwa kichwa, akachukua jembe lake lililokuwa limeegemea ukuta, akashuka bondeni.